Meno ya Mbwa na Udongo wa Zizi

Haipiti wiki kabla kijana mmoja hajaja kibarazani kwangu hapa Garissa akichechemea, na swali ni lile lile: mzee, mbwa ameniuma, nichomwe sindano ya pepopunda au niache? Wakati mwingine anayeuliza ni tabibu mchanga mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, ambaye ameona haya kumuuliza mkubwa wake. Namjibu kabla hajakaa. Umeosha? Umeosha kwa kitu gani, na kwa muda gani? Mara ya mwisho kuchomwa ni lini? Na mbwa mwenyewe yuko wapi sasa hivi? Nikipata majibu hayo manne najua la kufanya, wala sifungui kitabu.

Msidhani najisifu bure. Mimi ni mtoto wa mchunga ngamia. Nilishika kalamu mara ya kwanza nikiwa tayari na ndevu za kuanzia. Nilifagia maduka, nikapakia ng'ombe kwenye malori, nikasoma hadi Nairobi, na nikarudi na diploma ya utabibu wakati ambapo ungeweza kumtafuta mtu wa kwetu mwenye karatasi kama hiyo kutoka Garissa mpaka Diff usimpate. Bado iko ukutani, ndani ya kioo, na anayeingia sebuleni kwangu bila kuitazama namwonyesha. Watu wangu hawamwachi mtu bila jina la utani. Mimi waliniita Warqad, yaani Karatasi. Nililipenda sana jina hilo. Ilichukua miezi kabla sijang'amua kwamba walikuwa wananicheka.

Sasa nitawaeleza jinsi karatasi hiyo ilivyokaribia kumuua mama yangu mdogo.

Nilirudi nyumbani katikati ya vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali. Kijiji nilichopangiwa kilikuwa kimezungushiwa ua wa miiba wenye lango moja, na langoni palikuwa na askari. Serikali ilikuwa imewakusanya watu humo kutoka maboma yote ya karibu. Mbuzi walitoka asubuhi kwa kibali, na ikifika saa saba mchana kila mchungaji alitakiwa awe amerudi ndani. Aliyechelewa alihesabiwa shifta, na hakuna aliyetaka kuhesabiwa hivyo. Watu waliozoea kuhama kila mvua ikihama, leo unawaambia wakae. Hawakuweza kukaa. Wanaume walizunguka ndani ya ua ule, sambamba na miiba, mpaka pakachimbika njia. Mimi pia nilizunguka. Hata leo, nikisubiri kitu, mke wangu huniambia niketi kwa sababu namtia kizunguzungu.

Mbwa nao walifungiwa pamoja nasi. Walikuwa mbwa wa mazizi, waliokuwa wakifukuza fisi porini usiku kucha. Wakakosa fisi, wakakosa kazi, wakaanza kuuma watu.

Zahanati yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Ndani mlikuwa na meza, jiko la kuchemshia sindano za kioo, friji ya mafuta ya taa, na Mzee Komora. Huyu alikuwa dresa, mfunga vidonda, Mpokomo wa huko chini mtoni Tana, na alikuwa amefunga vidonda tangu kabla sijajua kutembea. Hakuwa na karatasi yoyote. Nyinyi leo mnachana pakiti, mnachoma, mnatupa. Sisi sindano moja ilichoma watu mwezi mzima, na Komora ndiye aliyezinoa kwa jiwe laini. Akimaliza aliivuta ncha juu ya pamba. Ikishika nyuzi, anarudi kwenye jiwe. Nilimwona mzee wa mambo ya kale, nikamwachia kunoa na kuchemsha, mimi nikashika kuamua.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa mbwa alikuwa Gedi, muuza majani ya chai. Aliumwa kiganjani akiwaamua mbwa wawili waliokuwa wakipigana. Alifika mkono ukichuruzika tope, kwa sababu alikuwa ameosha kama madhehebu yetu yanavyotaka pale mate ya mbwa yanapogusa kitu: mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nikacheka. Nilimwambia mbele ya foleni nzima kwamba kidonda si sufuria. Nikamwagia kikombe kimoja cha maji, nikapaka ayodini, kisha nikamshona. Nyuzi sita, zimelala sawasawa kama kazi ya fundi cherehani. Nikamwita Komora aje atazame.

Alitazama. Akasema, "Umefunga mlango, Bwana Daktari. Walioko ndani watatokea wapi?"

Nikamwambia ashike trei.

Siku ya tatu mkono wa Gedi ulikuwa umevimba kama kiwele. Komora hakuniuliza kitu. Alikata nyuzi zangu moja moja, usaha ukatoka, akauloweka mkono kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu asubuhi na jioni, nami nikamchoma penisilini. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Kwa miaka yote iliyobaki Gedi alinisalimia kwa vidole vitatu, makusudi, na aliwaeleza wageni sababu yake.

Jino la mbwa ni jembamba na refu. Linapanda uchafu chini kabisa, na juu linaacha tundu dogo lisilotisha. Ukishona, umeupa uchafu nyumba na ukafunga dirisha. Pepopunda hupenda sana nyumba ya namna hiyo. Leo mtaniambia kuna majeraha ya uso yanayoshonwa na mabingwa baada ya kusafishwa vizuri. Kweli, na wewe ukiwa bingwa utashona. Mimi sikuwa bingwa. Nilikuwa na miezi minne kazini.

Kosa hilo lingenitosha, lakini mtu mwenye kiburi hata somo hulisoma kinyume. Niliamua kwamba kilichomdhuru Gedi ni kule kuosha kwake na matope yake, wala si nyuzi zangu. Nikaenda pale watu walipokuwa wakipanga foleni ya maji, nikapanda juu ya pipa, nikatangaza: atakayeumwa na mbwa asioshe kabisa, aje kwangu moja kwa moja. Nikasema ndivyo nilivyofundishwa. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo.

Katika foleni ile alikuwepo Dahabo, mdogo wa marehemu mama yangu. Kwetu mama mdogo huitwa habaryar, naye humwita mtoto wa dada yake kwa jina hilo hilo, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa Habaryar na Habaryar. Ndiye aliyenilea. Nilipotaka kwenda shule wajomba wakinicheka, yeye alinifungia maziwa ya safari na kuniambia nisigeuke nyuma. Hakuwa na mtoto mwingine. Siku ile kwenye foleni aliwaambia wenzake kwa sauti kubwa kwamba anayezungumza juu ya pipa ni mwanawe.

Wiki mbili hazikupita. Habaryar alikuwa nje na mbuzi asubuhi, mbwa wa zizi la jirani akamrukia na kumuuma nyuma ya goti. Alikuwa na kibuyu cha maji kimejaa. Wanawake aliokuwa nao wakamwambia osha mguu huo haraka. Akakataa. "Mwanangu amekataza," akawaambia, akafunga jeraha kwa pindo la shuka, akaendelea kuchunga mpaka saa ya lango.

Aliporudi ndani, adhuhuri ilikuwa imeingia na hakuweza kusali akiwa na mate ya mbwa mwilini. Kwa hiyo sasa akaosha, mara saba, na mara moja kwa udongo. Udongo uliokuwa karibu ulikuwa wa zizi la mbuzi. Akausugua vizuri mpaka ndani ya matundu. Akasali, ndipo akaja zahanati, akanieleza yote hayo kwa fahari: alinitii mimi asubuhi, akamtii Mungu adhuhuri.

Niliinama kutazama. Matundu manne, mawili yamezibwa na samadi.

Komora alikuwa ameshaweka birika mezani. Alinipa sabuni, akaniambia niioshe mwenyewe. Nikaosha. Nilipotaka kuacha akajaza birika tena. "Hujachoka bado," akasema, "basi hujaosha." Tulimwaga mabirika sijui mangapi juu ya mguu ule, Komora akitoa samadi kwa pamba chembe kwa chembe, na Habaryar akituuliza kama tunataka kumfua au kumtibu. Tukayaacha matundu wazi, tukafunika kwa bandeji nyepesi.

Ikabaki sindano. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mambo yamebadilika. Siku hizi mtu aliyewahi kuchanjwa mnampa chanjo ya kukumbusha tu, na wengi hurudi kazini siku hiyo hiyo. Habaryar alikuwa hajachanjwa maishani mwake. Chanjo huchukua wiki kadhaa kujenga kinga, na samadi ilikuwa tayari ndani. Alihitaji kinga iliyokwisha kutengenezwa, na tuliyokuwa nayo wakati ule ilitengenezwa kwa damu ya farasi. Ilisaidia wengi. Mara mojamoja mwili wa mtu uliikataa kwa nguvu, akafa pale pale kitini.

Nilivunja chupa, nikavuta dozi nzima. Komora akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kunigusa. Akasema tumjaribu kwanza kwa tone moja chini ya ngozi, tusubiri nusu saa. Hilo nilikuwa nimelisoma. Nilikuwa nimelijibia hata mtihani. Lakini aliyekuwa kitini hakuwa swali la mtihani, na kila kitu nilichosoma kilikuwa kimenitoka.

Kusubiri nusu saa kulinishinda. Nikatoka nje kuzunguka, nikakuta watu wameshika mawe wakimtafuta yule mbwa, na koplo wa langoni amejitolea kummaliza kwa risasi moja. Komora alikuwa ameniambia nilipokuwa nikitoka kwamba mbwa asiuawe. Kama ana kichaa atakufa mwenyewe ndani ya siku kumi. Akiishi siku kumi akila na kunywa, mama hana kichaa cha mbwa. Akiuawa leo hatutajua kamwe, na dawa ya kichaa ilikuwa mjini tu, sindano nyingi za tumboni, na lori la kwenda mjini lilisubiri msafara. Basi mimi, mwenye diploma, nikasimama mbele ya bunduki kumwombea mbwa.

"Daktari," koplo akasema, "unataka nimwandikie mbwa kibali cha kuishi?"

"Siku kumi tu, afande."

"Na akiniuma mimi?"

"Nitakuosha."

Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Mbwa akafungwa kwa kamba kwenye nguzo karibu na lango, na koplo akawaambia watu kwamba huyo sasa ni mahabusu wa serikali, asiguswe.

Nilirudi ndani nikakuta mkono wa Habaryar, pale tone lilipoingia, umefanya uvimbe mwekundu mkubwa kuliko kifuniko cha soda. Mwili wake ulikuwa umemkataa farasi.

Nikamtazama Komora. Aliniambia amewahi kuwaona wawili wa namna hiyo. Mmoja, dereva, alichomwa dozi nzima kwa pupa, na hakusimama tena. Mwingine walimpa kidogo kidogo, kila nusu saa, sindano ya adrenalini, ile ya kufungua pumzi, ikiwa imejazwa pembeni, na aliishi. Nikamuuliza angefanya nini yeye. "Mimi ni dresa," akasema. "Karatasi ni yako."

Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningekasirika, na hasira ingenisaidia.

Habaryar akauliza tunanong'ona nini. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia ukweli wote. Kwamba dawa hii inaweza kumuua leo. Kwamba bila dawa, udongo ule unaweza kumfunga taya katika wiki tatu zijazo, na mgongo ukajipinda, na hapo sina uwezo wowote. Kwamba asingeumia hivi kama angeosha asubuhi, na aliyemkataza ni mimi.

Aliutazama mguu wake. "Habaryar," akaniuliza, "hiki cha leo na kile cha wiki tatu, kipi unaweza kupigana nacho?"

"Cha leo. Dawa yake nimeishika hapa."

"Basi choma."

Tulimchoma matone tangu mchana mpaka karibu na magharibi. Mara ya tatu akawashwa mwili mzima, akatapika, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Nikamchoma adrenalini. Moyo wake ulikwenda mbio hata ukauona shingoni, halafu pumzi ikafunguka. Akasema farasi huyu ana mateke. Tukasubiri zaidi, tukarudi nyuma kwenye tone dogo, tukaanza tena. Dozi ilipoisha Komora alikaa chini sakafuni na kunyoosha miguu, mara yangu ya kwanza kumwona amekaa kabla ya kufunga zahanati. Kisha tukampa Habaryar na chanjo ya kawaida kwenye mkono wa pili, ili mwili uanze kujijengea kinga yake wenyewe, na tukamwandikia arudi wiki ya nne.

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim Abdi, mwalimu wa madrasa, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilitegemea atautetea udongo. Alinisikiliza, akaniuliza ulikuwa udongo wa wapi. Nikamwambia wa zizi. Akanitazama kama ninavyowatazama nyinyi mkishona kidonda cha mbwa. Kinyesi cha mbuzi kwetu ni najisi, akasema, na najisi haisafishi najisi. Udongo unaotakiwa ni safi, unachanganywa na maji, na hakuna kitabu kilichoamuru mtu auzike ndani ya nyama inayotoka damu. Aliyeumwa ana udhuru. Ijumaa alilisema hilo mbele ya watu wote, na mimi nikapanda tena juu ya pipa langu kufuta tangazo langu: osheni, osheni mara moja, maji mengi na sabuni, saba ni mwanzo tu, na udongo usikaribie kidonda. Kulikuwa na vicheko. Gedi aliinua vidole vyake vitatu.

Halafu zikaja siku za kungoja, na hizo ndizo zilizonizeesha. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda langoni kumtazama mbwa. Anakula? Anakunywa? Sauti yake ni ile ile? Kisha nilikimbia kwa Habaryar. Fungua mdomo. Funga. Tafuna. Meza mate. Shingo inauma? Niliingiza kidole kati ya meno yake kupima taya. Mchana nilirudi tena kwa kisingizio cha bandeji. Alianza kuniuliza kwanza mbwa ameamkaje, na kama amekunywa chai.

Siku ya kumi mbwa alikuwa mnene kuliko alipofungwa, maana koplo alikuwa akimgawia chakula chake. Kichaa tukakiondoa kwenye orodha. Lakini pepopunda haihesabu siku za mbwa. Na hapa ndipo vijana wengi hukosea: mbwa kuwa mzima hakukukingi na pepopunda, na sindano ya pepopunda haikukingi na kichaa. Ni maradhi mawili na majibu mawili. Kwa hiyo ukiumwa leo, osha robo saa nzima kwa sabuni na maji yanayotiririka, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, waulize yote mawili. Kidonda cha mbwa ni kidonda kichafu, hata kikiwa kidogo. Ikiwa imepita miaka mitano tangu uchomwe, au hukumbuki, au hukumaliza chanjo zako, chomwa. Ukibishana nami nitakuonyesha ukuta wa sebuleni.

Wiki tatu zikaisha, taya yake ikiwa laini. Sikuamini. Niliendelea kumpima mpaka wiki ya nne, siku ya chanjo yake ya pili, mbele ya foleni ya zahanati. Fungua mdomo, nikamwambia, nikaingiza kidole.

Akakiuma. Akakiuma kwa nguvu zake zote mpaka damu ikatoka, kisha akaniachia na kujifuta midomo kwa pindo la shuka.

"Taya inafanya kazi?" akaniuliza.

Foleni ilikuwa imeanguka chini kwa kicheko. Mimi nilishika kidole changu nikaenda kwenye birika.

"Na wewe," akasema, "wewe umechomwa lini?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilikuwa nimechoma karibu kila mkono ndani ya ua ule, isipokuwa wangu. Nilikuwa nimezaliwa porini, nikapita mjini bila mtu kuniuliza, nikafaulu mtihani wa chanjo kwa alama za juu. Komora aliacha kazi aliyokuwa akiifanya.

Nikavua shati.

Habaryar alisogea kwenye benchi akanipa nafasi pembeni yake, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mchome taratibu," akamwambia Komora. "Ninaye huyu mmoja tu."